Kuzunguka ncha ya kaskazini ya Pemba kwa miguu, masika yakiishia

Nimerudi Unguja tangu juzi, na kila niliyemwambia nilikotoka ananiuliza jambo moja tu: njia zikoje? Masika ya Pemba yana sifa yake, na wengi hungoja mpaka kipupwe kikolee ndiyo wafunge mizigo. Mimi likizo yangu iliangukia wiki ya mwisho ya Mei, sikuwa na la kuchagua. Naandika haya kutokana na kijidaftari kilicholowa nusu na picha za simu. Kurasa mbili za siku ya bahari zimegandana kabisa, kwa hiyo saa zake nimezitoa kwenye picha.

Mzunguko wenyewe ni huu: Konde, msitu wa Ngezi, Makangale, mnara wa Ras Kigomasha, pwani ya Vumawimbi, Msuka, Tumbe, kisha Konde tena. Siku tatu za kutembea pasi na haraka. Pemba haina mlima, tusidanganyane, lakini ina vilima na mabonde yasiyokwisha. Unapanda kilima cha mikarafuu, unateremka bonde la mpunga, unapanda tena, na kila bonde lina maji yake. Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye mama alinipachika ili nisiende peke yangu.

Jumatatu usiku, melini

Tiketi ya daraja la chini tulikata 35,000 kila mmoja, meli ya usiku. Tukatandika mkeka karibu na ngazi, mahali ambapo upepo unapita lakini mvua haifiki. Kusi ilikuwa imeshaanza kuvuma, na tulipofika usawa wa Nungwi meli ikaanza kucheza. Hapo mazungumzo hupungua yenyewe. Hakuna mtu wa visiwa hivi asiyeikumbuka tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama huko huko ikielekea Pemba. Mama aliyekuwa jirani yetu aliweka chini kikombe chake cha chai, akatoa tasbihi. Mdogo wangu alitapika mara mbili, na huyo mama ndiye aliyempa ndimu ya kunusa, bila kukatisha uradi wake. Chukueni ndimu zenu.

Jumanne, Mkoani hadi Konde

Siku ya magari. Kutoka bandari ya Mkoani hadi Chake 3,000, Chake hadi Konde nyingine 3,000, na katikati yake saa moja na nusu ya kungoja gari ijae huku mvua ikipiga bati la stendi hata huwezi kusikia konda anaita wapi. Tulikunywa chai kwa chapati na maharage, tukaongeza badia. Barabara ni ya lami mpaka Konde na haina la kusimuliwa.

La kusimuliwa ni mzee aliyekaa mbele yangu. Alikuwa na kipande cha fenesi kwenye mfuko wa nailoni, akakigawa gari nzima, kila mtu kokwa mbili tatu. Aliponifikia mimi akatazama chini, kwenye mabuti yangu. Mabuti ya kupandia mlima, ya mitumba, nimeyanunua Darajani kwa 45,000 baada ya kubishania bei siku mbili.

"Mwenda wapi, mwanangu?"

"Ngezi, babu. Halafu Kigomasha."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Akatafuna fenesi lake taratibu, akayatazama tena. "Hayo yatakuelemea," akasema, basi, akageuka.

Tulilala Konde kwa shemeji yangu. Asiye na jamaa huko ajue kwamba nyumba za wageni ziko Wete na Chake, si Konde, na kutoka Wete gari ya kwanza ya asubuhi inakufikisha Konde mapema ya kutosha kuanza safari siku hiyo hiyo.

Jumatano, Konde – Ngezi – Makangale

Tulitoka saa mbili kasoro, mawingu mazito lakini hakuna mvua. Nje ya Konde lami ilituaga, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee wa fenesi.

Udongo wa kule ni mwekundu na una unato. Ukikauka ni sakafu. Ukilowa, hatua ya kwanza unachukua unene wa kidole kwenye soli, ya pili unazidisha, na ukifika ya ishirini unatembea na tofali kila mguu. Buti langu lina meno marefu chini, na kila jino lilishika tope lake likakataa kuliachia. Mdogo wangu alikuwa na raba nyepesi, akateleza kila mahali lakini hakubeba kitu. Wenyeji walitupita na kandambili mkononi, wakikanyagia vidole kwanza, kwenye majani ya pembeni. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amesimama anachokoa tope kwa kijiti. Alikuwa amefungua madigadi yote mawili na kuyafunga nyuma ya siti, kwa sababu tope likijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu halizunguki tena. Akatuambia bonde linalofuata limejaa maji, tupite kulia, tusifuate alama za matairi.

Tulipita kulia. Maji yalifika chini ya magoti, ya baridi. Watoto waliokuwa wanaamia ndege kwenye mpunga waliacha kazi yao kutucheka, na chiriku wakafaidi.

Baada ya mashamba ya mipira tukafika lango la Ngezi. Hapo kuna ofisi ya msitu, unaandika jina, unalipa ada, unapewa mtembezaji. Nendeni na kitambulisho cha Mzanzibari, maana ada ya mwenyeji ni ndogo na ya mgeni wa nje ni nyingine kabisa. Mtembezaji wetu alikuwa mtu wa makamo, gumbuti mguuni, panga kiunoni.

Ndani ya msitu mambo yakageuka. Nilidhani njia itakuwa mbaya zaidi, kumbe sehemu kubwa ni mchanga chini ya majani makavu; maji hunyweka, unatembea kama juu ya godoro. Tope liko kwenye vibonde tu, jeusi, na juu yake wameweka magogo. Magogo hayo ndiyo ya kuogopa. Yamevaa ukungu wa kijani, na mtembezaji alitukataza kukanyaga katikati: "Dada, kanyaga pale gome lilipobanduka, siyo palipong'aa." Tulichukua njia ya Joshi, ambayo ni fupi, kisha akatuongeza kipande kwa hisani yake.

Mivule ya Ngezi inakulazimisha utafute shingo yako ilipo. Kima punju hatukuwaona. Hao waliletwa kutoka msitu wa Jozani, Unguja, miaka ya 1970, wachache, na huku hawana ule ujuba wa wenzao wa Jozani wanaokaa wapigwe picha. Tulichokiona ni popo, wakubwa, wekundu shingoni, wananing'inia juu kama viatu vilivyosahauliwa. Popo huyu hapatikani duniani ila Pemba, na akikunjua mabawa anafika karibu mita moja na nusu. Mtembezaji alisimulia, bila kuona haya, kwamba udogoni walikuwa kitoweo nyumbani kwao. Waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, ndipo vijiji, Kidike kikiwa kimojawapo, vikashika ulinzi na popo wakaongezeka tena. Nikamuuliza nyama yake ikoje. Akacheka. "Ya zamani, dada."

Mvua ilitukuta hapo. Chini ya majani yale husikii matone, unasikia ngurumo ya mbali kama lori linapanda kilima, na maji yanakufikia robo saa baadaye. Kosa letu lilikuwa kusimama kuvaa makoti bila kutazama chini. Siafu walikuwa wanahama, mstari mweusi unene wa kamba ya ngalawa, na mdogo wangu alikuwa amesimama juu yake. Sitaeleza alivyovua suruali. Baada ya mvua siafu hutoka, kwa hiyo mkitaka kusimama, tazameni kwanza.

Makangale tulifika saa kumi jioni. Buti la kulia lilikuwa limeanza kufunua mdomo.

Kwa sheha, kiongozi wa eneo, ndiko kwa kwanza. Mgeni anayelala kijijini hujieleza kwa sheha. Si hila ya kumsumbua mtu, ni adabu ya mahali, na ndiyo iliyotupatia pa kulala. Sheha alituma mtoto, mtoto akaturudisha kwa bibi mmoja mjane mwenye chumba cha ziada. Tulikula muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Nilipotaka kulipa akakataa, nikamwachia mjukuu wake 10,000 ya daftari. Hilo akalikubali.

Alhamisi, Kigomasha na bahari

Hii ndiyo siku niliyotaka kuiandika, na ndiyo ambayo daftari imeila.

Asubuhi bibi alitazama mabuti yangu yaliyoegeshwa jikoni karibu na moto. Soli ya kulia ilikuwa imebanduka mpaka kisigino. Gundi ya mitumba, ikipata maji kisha ikapata joto, basi tena. Akaingia ndani, akatoka na yeboyebo za plastiki, za rangi ya zambarau, zimekatika kikanda kimoja na kushonwa kwa uzi wa nyavu.

"Vaa hizi. Utazirejesha."

"Bibi, narudi kwa njia ya Msuka, sipiti tena hapa."

"Utazirejesha tu," akasema, kama ambaye hajasikia.

Nikamuuliza habari ya kwenda Vumawimbi kwa ufukweni. Akanirudishia swali: mwezi mwandamo wa ngapi leo? Nikasema nadhani kumi na sita. "Basi bamvua," akasema, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana. "Saa nne, saa tano, maji yamepwa, mtapita mkavu. Saa tisa msiwepo majabalini."

Sikiliza mtu akikwambia hivyo. Mimi nilisikia, nikaandika kabisa, kisha nikafanya mengine.

Kutoka Makangale mpaka mnarani njia ni ya kawaida: vichaka, minazi, mchanga, madimbwi ya kuruka. Yeboyebo zilifanya kazi kama uchawi. Tope linaingia kwa juu linatokea kwa matundu, unazisuuza kwenye dimbwi linalofuata unaendelea. Tulifika saa nne na nusu, yaani saa ile ile tuliyoambiwa tuwe ufukweni. Lakini mnara uko pale, utaupita vipi? Ni wa chuma mtupu, wa tangu enzi ya Waingereza, mwembamba, na ngazi za ndani ni nyembamba kuliko mwenyewe. Mlinzi alitufungulia, tukampa chochote. Nilihesabu vidato mpaka tisini nikapoteza hesabu kwa sababu ya kizunguzungu. Juu kule unaiona ncha yote: magharibi bahari ya buluu iliyoiva, mashariki maji yamepwa mpaka mbali, miamba imetoka nje, wanawake kama nukta nyeusi wanachokoa pweza.

Hapo nilipaswa kushuka na kukimbilia hizo nukta. Tulipiga picha. Kisha ikaja mvua ya upande, mlinzi akatukaribisha kwake, akachemsha chai ya mchaichai, na ilikuwa mvua ya saa mbili. Tulipotoka ilikuwa imeshagonga saa nane.

Picha ya saa nane na dakika arubaini: mchanga mpana, mdogo wangu anacheka. Picha ya saa tisa na kumi: mchanga umebaki upana wa chumba. Picha ya saa tisa na nusu sikupiga, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika jabali na wa pili umeshika mfuko juu ya kichwa. Majabali ya pale ni matumbawe ya kale, yameliwa chini na bahari, juu yana ncha kama mbuzi ya kukunia nazi. Maji yalikuwa kiunoni na kila wimbi lilitusukuma kwenye ukuta. Hayakuwa na hasira, ila yalikuwa na kazi yao ya kupanda na sisi tulikuwa njiani. Nilikatwa kiganja na goti. Vumawimbi yenyewe tuliiona mbele, nyeupe, karibu kabisa, na katikati yake na sisi kuna pembe moja ya jabali ambayo haikuwa na chini tena.

Sauti ilitoka juu. Wanawake wawili na ndoo zao za pweza walikuwa wamesimama ukingoni, vitenge vimelowa mpaka kifuani. Mmoja akapaza: "Hapapiti hapo! Rudini mpaka penye mkadi!" Tukarudi hatua kama hamsini, na kweli, nyuma ya mkadi ulioinama kulikuwa na ufa kwenye jabali, umechongwa na miguu ya watu. Wakatuvuta, kwanza mfuko, kisha mimi, kisha mdogo wangu, ambaye walimwuliza kama kweli ni mwanamme. Juu kuna njia ya vichakani inayoshuka moja kwa moja Vumawimbi. Ipo muda wote. Anayetembea bamvua na amechelewa aitumie hiyo, aachane na ufuko.

Kwa watakaokuja, hesabu ni hii, nimeithibitisha na wavuvi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hupwa kabisa kama saa nne mpaka saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni, na kila siku inasogea mbele karibu dakika arubaini mpaka saa nzima. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, unaweza kupita karibu wakati wowote, lakini pia mchanga hauwi mpana. Tope la Konde utalivuka saa yoyote ukikubali kuchafuka. Pembe ile ya jabali haina cha kukubali.

Wale wanawake hawakutaka hela. Mmoja alinifunga kiganja kwa kipande cha ukaya wake na kunionya nisikitie maji ya chumvi tena, huku anacheka kwa sababu nilikuwa nachuruzika chumvi kutoka utosini.

Tulilala kwenye dago, kambi ya wavuvi, mwisho wa Vumawimbi. Banda la makuti, mkeka, wali na mchuzi wa pweza ambao mpaka leo naufikiria. Jina la pwani ile si la bure. Inavuma usiku kucha.

Ijumaa, Vumawimbi – Msuka – Tumbe – Konde

Kuzunguka ghuba kwa miguu kuelekea Msuka kunataka upite mikokoni, na baada ya mvua zile nahodha wa dago alituambia tope lake linafika kiunoni. Akajitolea kutuvusha kwa ngalawa, kwa sharti moja: tuondoke saa moja kamili, kabla maji hayajapwa mno, ili naye awahi kurudi kuoga na kwenda Ijumaa. 15,000 kwa wawili. Dakika thelathini za tanga lililojaa viraka na bahari iliyotulia kama haijamfanyia mtu kitu jana.

Msuka pana magofu ya mskiti wa kale. Yamesimama kichakani, na ndani ya kibla umechorwa mwaka 816 wa Hijria, ndiyo 1414. Nilikaa pale kwa muda. Mdogo wangu alikwenda kutafuta madafu, akarudi na matatu, akasema aliyemwangulia alikataa pesa kwa kuwa leo Ijumaa.

Ijumaa hiyo hiyo ilituponza Tumbe. Nilikuwa nimejisifia kwa kila mtu kuwa nitaona mnada wa samaki wa Tumbe, ambao ndio mji mkubwa wa wavuvi huku. Tulikuta vyombo vimepumzika mchangani, meza tupu, paka wawili na mtu mmoja anashona nyavu. Pangeni siku nyingine yoyote.

Tumbe hadi Konde ni lami na vilima, mikarafuu pande zote bado haijachanua vya kutosha kuchumwa, jua la kwanza tangu tulipofika. Karibu saa moja na nusu ya miguu. Yeboyebo zilinichubua kisigino hapo tu, kwenye njia nzuri.

Jumamosi na Jumapili

Wete, halua kilo mbili, kulala. Kisha meli, ambayo ilichelewa saa tatu bila mtu kueleza sababu, na kusi tukaipiga mbele njia nzima.

Gharama zote kwa mmoja, nauli za meli zikiwemo na halua ikitolewa, hazikufika 140,000. Mabuti nimeyaacha Konde. Shemeji anasema fundi wa huko atayashona kwa uzi wa nyavu.

Yeboyebo nilizisafisha kwa brashi, nikazifunga na mfuko wa sukari na majani ya chai, nikampa dereva wa gari ya Konde Jumamosi asubuhi. Jana jioni mjukuu wa bibi alinipigia. Zimefika. Nikamuuliza na lile bonde la mpunga, maji yamepungua? Akasema imenyesha tena usiku, jana yake kulikuwa na gari limekwama mpaka Isha, na bibi anauliza mkono wangu umepoa.